Ofisa wa Amerika na Kurasa Ulizoshona

Papa,

Ni miye Neema, mutoto wako wa pili, yule ulikuwa unaita "Mudomo." Leo mudomo umechoka, naandika.

Imepita miezi saba tangu tulikuzika, na Mama angali anavaa ile nguo nyeusi. Imepauka mupaka imekuwa rangi ya majivu. Dada zako wanakatala matanga ivunjwe na Mama avue ile nguo kama mutoto mukubwa wa kiume haiko. Na mutoto mukubwa wa kiume unamujua: Yaya Justin, siku hizi Komanda Justin, iko mu pori upande wa Kasenyi na bunduki yake. Kila juma mashangazi wanakuja, wanakunywa chai yetu, wanauliza: "Justin anarudi lini?" Kama vile miye ndiye nilimutuma!

Nani alimutuma, Papa? Tuseme ukweli leo. Ni weye na ule ofisa wako wa Amerika.

Haki ya Mungu, sijaona mutu mwenye kupenda namna ile mutu hajawahi kusalimia. Kitabu moja tu ya Kifaransa, haina hata jalada, padri mumoja alikuachia wakati anarudi kwao, na weye mwalimu wa historia ukafanya huyo marehemu wa karne ingine kuwa ndugu yetu. Siye tulijua kazi yake yote mbele ya kujua katekisimu. Mutoto wa mulimaji. Anaingia shule ya jeshi na viatu ya kuazima. Miaka kumi anabaki liyetena, ofisa mudogo tu, mu kambi ya baridi, hakuna mwenye kumukumbuka, anaandikia bibi yake wa ndoa barua. Kisha vita ya Kaskazini na Kusini: kapiteni, koloneli, jenerali! Vita inaisha, jeshi inapunguzwa, wanamuambia rudia kuwa kapiteni. Na anakubali. Hapo ulikuwa unavua miwani, unatuangalia mumoja mumoja: "Jenerali, watoto wangu. Akarudia kapiteni, akapiga saluti." Bugali inapoa, Mama anakuangalia, siye tunangoja ubariki chakula. Kila siku ya Mungu, Papa! Na Justin anazunguka jikoni na fimbo ya ufagio begani, kushoto, kulia, kushoto, weye unacheka.

Alipoenda kweli, hukucheka.

Na siku ile vita ilitutoa Bunia, kila mutu alibeba kitu ya maana. Mama sufuria, miye godoro. Weye ulibeba kitabu. Dawa yako ya tansio, ile ya damu kupanda, ilibaki pale pale kwenye dirisha! Nilikuuliza njiani, ukaniambia utapata ingine mbele. Mbele gani, Papa? Ulianguka siku ya tisa, mu hema ya wakimbizi, kitabu iko chini ya kichwa. Tulikuzika bila Justin kutupa udongo ya kwanza, nikatupa miye, na shangazi mukubwa akaninunia. Hiyo sikusamehe haraka, unisikie vizuri.

Tuliporudia nyumbani nilichukua hiyo kitabu, nijue nini ilikuwa inapita dawa. Kifaransa yangu unaijua, nilienda pole pole. Mu katikati nikakuta kurasa kumi na mbili umezishona pamoja. Na uzi ya Mama! Mushono safi kabisa, weye mwenye hujawahi kurudisha hata kifungo ya shati. Nikachukua wembe, nikakata.

Kumbe kapiteni wako, baada ya ile saluti, walimutuma mbali, kwenye nchi ya majani, afukuze wenyeji kwenye udongo yao. Waliogoma, alipewa amri achome maghala yao ya mahindi mbele ya baridi kuingia, njaa iwatoe. Na alichoma. Hakukatala. Aliandikia bibi yake kwamba watoto wa pale walikuwa wanalia, na kwamba yeye hakulala vizuri. Kisha wakamupandisha cheo, akakuwa majoro. Nilisoma mara mbili, nikizani ni Kifaransa yangu mubaya. Maghala, Papa! Siye watu wa Ituri ndio wa kufichwa hadithi ya maghala yenye kuungua?

Nikamuuliza Mama. Alisema ulishona mbele Justin azaliwe, eti ulitaka watoto wako wawe na mutu mumoja wa kufuata, mwenye hana doa. Eh, Papa! Mutu kama huyo ulimuona wapi? Ulimupa Justin nusu ya ofisa. Ile nusu ingine akaenda kuikuta mwenyewe.

Nilikasirika mupaka nikashuka Kasenyi. Sawa, nilikuwa nashuka vilevile kununua makayabo, samaki ya chumvi ya kuuza soko, lakini siku hiyo niliweka kitabu mu kikapu. Wamama wa samaki walipeleka ujumbe. Justin alinikuta nyuma ya pahali wanaanika samaki, mchana kweupe, amekonda, na nyota mbili begani alizokata kwenye kopo ya maziwa. Nilitaka kulia, nikatukana. Nikamuambia Mama anaoza ndani ya nguo nyeusi sababu yake. Akanijibu kwamba atarudisha silaha siku wataandika cheo yake, sababu kule kambi ya kurudishia bunduki wanaandika kila mutu "mupiganaji" tu, komanda na mubeba maji sawasawa.

Nikamuambia: "Kaa chini. Ofisa wa Papa haijaisha."

Nikamutafsiria zile kurasa. Mwanzo alikuwa anacheka, ananisahihisha Kifaransa, sauti yako kabisa. Tulipofika kwenye maghala akaacha kucheka. Akauliza: "Papa alijua?" Nikasema ulijua, ulishona. Akasema: "Miye pia, Neema. Kule juu, upande wa Djugu. Maghala tatu. Muzee mumoja alinipigia magoti, na nilimuambia ni amri. Nani alinipa amri? Ni miye nilikuwa komanda."

Nilimushika mukono tu, ilikuwa inanuka moshi wa samaki.

Alitoka mu pori kisha majuma tatu. Alirudisha bunduki, na walipouliza cheo alisema hana. Alifika nyumbani saa sita ya mchana, Mama akamuangukia pale pale kwenye mulango. Mashangazi walikuja siku hiyo hiyo, mbuzi tayari kwenye kamba. Matanga ivunjwe Siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, kila kitu imepangwa. Nikasema Mungu asifiwe, imekwisha.

Imekwisha wapi! Justin amesimama mbele ya wote, anasema hatakula chakula ya matanga ya baba yake mbele hajaenda kumuona ule muzee. Shangazi mukubwa alipiga kelele mupaka majirani wakatoka. Na miye nilipiga kelele: "Ngoja basi Mama avue nguo kwanza! Siku mbili tu!" Akasema hapana. Unaona mutoto wako? Kichwa nguvu, wa kwako kabisa. Naona vile ungevua miwani, na hiyo inanikasirisha kupita yote.

Kwa hiyo kesho asubuhi anapanda Djugu na magunia mbili ya mahindi ya mbegu. Bila bunduki. Wanaweza kumuua, Papa, na watakuwa na sababu. Mama aliuliza nani atamusindikiza. Mashangazi wakaangalia ndani ya vikombe. Nikasikia sauti inasema "Ni miye," na ilikuwa yangu.

Naogopa. Nakupenda, na niko na hasira na weye, vyote viwili pamoja, usinichagulishe. Ulale vizuri huko, Papa. Mama anakusalimia, atavumilia nguo yake siku zingine.

Ahadi yangu ni hii. Simuachi Justin aende peke yake. Na ule muzee, kama anatufungulia ao anatufukuza, kama iko na neno ya kutuambia, tutakaa chini mu kiwanja yake, siye watoto wako wawili, tumusikilize mupaka amalize.

Mutoto wako,
Neema