Bora Ushindwe, Kaka

Ngamiani, Tanga
Jumamosi, baada ya Alasiri

Kwa kaka yangu Bakari bin Hamisi, Kiswere.

Kaka, shikamoo. Assalamu alaykum wewe na wote waliomo nyumbani. Mimi mdogo wako Selemani ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, na hayo mengine utayasoma humu humu. Wewe hujambo? Mguu je? Mama anaendeleaje na kifua chake? Shemeji na watoto wamelalaje? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu tangu kabla ya masika sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Barua zangu zimekwenda kama jiwe lililotupwa kisimani, tena kisima chenyewe hakikusema hata chubwi.

Huku mvua inanyesha. Bandarini tunapakia marobota ya mkonge kwenye matishari, na ikizidi tunajibanza chini ya mapaa ya maghala tukisubiri msimamizi aseme neno. Kazi siilalamikii, nimeizoea. Kinachonichosha ni kurudi chumbani na kukuta kila kitu pale pale nilipokiacha asubuhi. Kikombe hakijasogezwa. Nyumbani nilikuwa nikigomba watu wakigusa vitu vyangu, unakumbuka. Sasa ningefurahi mtu aniibie hata kijiko.

Hata lugha inaniponza. Nikisema neno la kwetu wanacheka, wananitaka nilirudie ili wacheke tena. Juzi nilimwuliza mama mmoja sokoni kama ana ming'oko, akadhani namtukana. Nikamweleza kuwa ni mizizi ya porini, unachimba, unachemsha na chumvi, unakula na chai. Akaniambia, "Mwanangu, kwani kwenu kuna njaa?" Nikanunua viazi vitamu, nikavila kwa hasira.

Sasa nikueleze kisa kilichonifanya nishike kalamu, maana nilikuwa nimeapa sikuandikii tena mpaka unijibu.

Ilitia nanga hapa meli ya Wamarekani kuchukua mkonge. Mabaharia wake waliposhuka pwani hawakwenda mbali. Walitafuta pete ya chuma ya pipa, wakaipigilia juu ya mlango wa ghala, juu kabisa, wakaanza kuitupia mpira kwa mikono. Kwa mikono, kaka! Ukipita ndani ya pete unadondokea chini, nao wanashangilia kana kwamba wamefunga goli. Sisi makuli tukakaa kutazama. Wengine tukasema hiyo pete mbona haina kitako, watu wazima hawa wanatia mpira kwenye kitu kilichotoboka.

Walipochoka walikaa juu ya marobota yetu, wakaanza kugombana. Mmoja mrefu alisimama akaiga mtu anayeruka, mwenzake akatema mate na yeye akasimama kuiga wake. Tukadhani watashikana mashati. Tukamwuliza karani wa ghala, Mgoa mmoja anayejua Kiingereza, kuna nini. Akasikiliza, akacheka.

"Wanabishana nani aliyeucheza mchezo huu vizuri kuliko watu wote tangu dunia iumbwe. Huyu ana wake, na yule ana wake."

"Na hao watu wenyewe wako wapi?"

"Kwao, mbali. Pengine hata hawa hawajawaona, wamesimuliwa tu."

Meli ikaondoka na mpira wao, ila ubishi wakatuachia sisi. Jioni ile ile, pale kwa Mzee Faki muuza kahawa tunapokaa baada ya kazi, likazuka la mpira wetu wa miguu. Nani bingwa wa mabingwa? Mwinyihatibu, mwenyeji wa hapa hapa Tanga, ambaye akianza kusema hata kahawa inapoa, alisema kulikuwa na winga wao wa zamani aliyekimbia mpaka refa anasahau kupuliza filimbi, anabaki kumtazama. Haule akasema winga si kitu. Huyu Haule ni Mngoni, alikwenda Bama vitani na kurudi mzima, basi hakuna linalomtisha. Akasema kwao Songea kulikuwa na senta aliyepiga shuti likachana wavu likaua mbuzi aliyekuwa akila majani nyuma ya goli.

"Mbuzi mmoja tu?" akauliza Mzee Faki.

"Mmoja alikufa kwa mpira. Wa pili alikufa kwa woga."

Haule ni mtani wangu. Babu zake waliwakimbiza babu zetu, na sisi wajukuu tumebakiwa na haki ya kutukanana bila kukasirika. Akanigeukia. "Na ninyi Wamachinga? Au mpira kwenu hamjauona, mkiuona mnadhani ni dafu?"

Nilikuwa nimenyamaza muda wote, kaka. Lakini hapo niliona nisiposema, Kiswere nzima itazama ndani ya kikombe cha kahawa. Nikawaambia habari zako.

Nilianza na kiwanja chetu, maana bila hicho hawatakuelewa. Nikawaambia sisi tunacheza mchangani pwani maji yakipwa, na saa hatuna. Saa yetu ni maji. Mpira unaanza mchanga ukikauka, na unakwisha bahari ikimfika golikipa wa upande wa chini kwenye kifundo cha mguu. Wakacheka mpaka Mzee Faki akamwaga kahawa. Haule akauliza kama refa anavaa magome ya mkoko, na kama kaa akiufunga mpira goli linahesabiwa. Nikawaacha wacheke. Kisha nikawaeleza siku ile walipokuja watu wa Lindi.

Nilieleza yote. Walivyoteremka kwenye lori na fulana za rangi moja na viatu miguuni, na sisi pekupeku. Ilivyokuwa siku ya bamvua na maji yakaja kwa kasi. Viatu vyao vilivyojaa maji wakawa wanakwenda kama watu waliobeba ndoo. Na tulivyokuwa sare, bahari imeshaingia kiwanjani upande wa chini, mpira ukakujia wewe ukielea. Mabeki wao wawili walikuwa wakiupiga na kurusha maji tu. Wewe ukasimama. Watu wote pwani tunakupigia kelele piga, piga, na wewe umesimama mikono kiunoni kama mtu anayengojea chai. Ukangoja wimbi lirudi. Liliporudi mpira ukakaa mchangani mtulivu, ukausukuma kwa kushoto, polepole, ukaenda wenyewe mpaka ndani.

Nilipofika hapo hakuna aliyecheka tena. Nikaendelea, maana raha ilikuwa imenipanda. Nikasema, "Alikuwa hana haraka, kaka yangu. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao sijauona kwa mtu mwingine. Alikuwa akiucheza mpira kana kwamba anaufundisha adabu."

Mwinyihatibu akateremsha kikombe chake. Akasema taratibu, "Mola amrehemu."

Wakainua mikono, wote. Na mimi nikainua. Wakasema amin, na mimi nikasema amin, nikapangusa uso.

Nilisema "alikuwa" kwa sababu huchezi tena, kaka, tangu mwiba wa samaki taa ulipokuharibu mguu. Ni hilo tu nililokusudia. Lakini mikono ilipotoka usoni nikajua nimeitikia dua gani, na mdomo wangu haukufunguka kusahihisha. Nikupe sababu. Kuna mtu wa Mchinga aliyepita hapa Tanga, akaniambia amesikia Kiswere kuna msiba, nyumba iliyo ubavuni mwa msikiti. Wa nani, hakujua. Mzee au kijana, hakujua. Nyumba zilizo ubavuni mwa msikiti ni yetu na ya maalim, hakuna nyingine. Tangu siku hiyo naogopa, na woga wenyewe sikumwambia mtu yeyote, hata mimi mwenyewe nilikuwa najificha. Ulimi umenitangulia.

Wakamaliza kwa kukupa ubingwa. Mwinyihatibu mwenyewe alisema, "Basi tukubaliane, marehemu ndiye." Hakuna aliyepinga. Nilirudi chumbani mwangu nikakaa kitandani na viatu.

Kesho yake tulipotoka kazini Haule akanijia barazani. Alikuwa amejifunga gunia la mkonge kiunoni, kajipaka majivu usoni, kashika mpira wa matambara, anachechemea. Unajua mtani akifiwa mwenzake inavyokuwa, ni wajibu wake kuja kufanya vituko ili mfiwa acheke. Alikuwa ananitendea wema.

"Jamani mimi ndiye marehemu!" akapiga ukelele. "Nimerudi kudai kuku wangu! Huko ahera nimewapiga chenga mpaka wamenifukuza! Selemani, unalia au unanuna? Nimekufa bure mimi?"

Wanawake wa nyumba ile wakaja mlangoni kucheka. Mtaa mzima ulicheka. Ilinipasa kucheka na kumpa chochote, ndiyo desturi. Badala yake nilimkamata gunia.

"Vua! Kaka yangu hajafa!"

Akasimama na mguu mmoja juu.

"Hajafa?"

"Hajafa."

"Barua imekuja?"

Hapo, kaka, nikaliachia gunia. Nikatazama chini. Nikasema, "Haijaja."

Haule aliangusha ule mpira wa matambara, akaanza kujifuta majivu kwa mkono wa shati. Nilimwona anaogopa, mtu aliyerudi kutoka Bama. Kumchezea utani wa msiba mtu aliye hai si jambo dogo, na kumwambia mwenzio amefiwa wakati hajui ni zaidi. Akakaa pembeni yangu. Baadaye akasema, "Mtu akizushiwa kifo huishi sana. Kwetu wanasema hivyo, na kwenu pia, sote tunajua." Nikamwambia ndiyo. Tukakaa. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyekaa barazani kwangu bila kutaka kitu tangu nifike mji huu, na alikaa akinuka majivu.

Habari zikamfikia Mwinyihatibu, akaja na kelele zake. "Kwa hiyo jana tumedanganywa! Nilikubali ubingwa kwa sababu marehemu hasemwi vibaya. Kama yu hai basi hana heshima hiyo, aje ashindane na wenzake. Winga wetu ndiye bingwa."

"Senta wangu je?" akasema Haule, "na mbuzi wake wawili?"

Walikuwa wananitazama. Najua walilofanya, walinifungulia mlango nipigane, nikutetee, nikasirike, nitoke nilipokuwa. Mimi nikasema, "Haya. Mpeni winga wenu."

Kaka, sijapata kukuacha ushindwe tangu nizaliwe. Tangu nilipokuwa nikikushikia shati lako pale pwani, mtu akisema Bakari leo hakucheza vizuri, mimi ni ngumi. Lakini nimekwisha kuona jinsi walivyokupa ule ubingwa, na siutaki. Bora ushindwe. Uwe wa kumi, uwe wa mwisho, uwe mchezaji mbovu kuliko wote waliopata kugusa mpira, mradi unasoma maneno haya na kuudhika. Nina upweke ambao sikujua kuwa upo. Hapa nina watu wa kucheka nao, lakini hakuna hata mmoja aliyekuona. Nikieleza goli lile ni mimi na neno langu tu. Nyumbani ningesema nusu, na mtu mwingine angemalizia.

Kwa hiyo nijibu. Usiniandikie habari za shamba wala za bei ya korosho. Niambie jambo moja. Watu wa Lindi mpaka leo wanasema maji yalikuwa yameshamfika golikipa kwenye kifundo kabla mpira haujaingia, kwa hiyo mchezo ulikuwa umekwisha na goli si goli. Mimi nilikuwa mbali, sikuona miguu yake. Wewe ulikuwa karibu. Yalimfika au hayakumfika? Ukisema yalimfika, nitakwenda kwa Mzee Faki nikiri mbele ya wote kwamba hukufunga. Wacha wanicheke mwezi mzima.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo yake namwekea hapa hapa, na dawa ya kifua nitamtumia nikipata mtu wa kuaminika. Nisalimie shemeji Mwanahawa aliyenifungia mkate wa safari siku ninaondoka. Nisalimie dada Zuhura na mumewe mvuvi, na shangazi mwenye duka, na mjomba aliyetupeleka jandoni. Msalimie maalim wetu wa chuoni, na kama msiba ule ulikuwa wa nyumba yake, basi Mungu anisamehe, maana kila nikiswali naomba uwe wa kwake.

Na wewe uliyeifungua barua hii, kama si Bakari, kama Bakari hayupo wa kuifungua, nakuomba usifanye haraka kunijibu. Niache kidogo niendelee kumsema vibaya.

Ndimi mdogo wako,
Selemani bin Hamisi