Sauti Iliyomsalimu Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya posta,
Jumapili, 9 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za nyumba nzima, mpaka za lile dirisha la jikoni ulilolipiga mpira likawa halifungi vizuri hadi leo. U hali gani huko? Goti lako limeacha kukusumbua? Wifi yangu mzima? Na wale wanao wawili, bado wanabishana nani akae dirishani kwenye gari? Huku hatujambo. Baba naye hajambo. Namtaja mapema kwa sababu nakujua: utairuka mistari yote ukimtafuta yeye, kisha ujifanye hukumtafuta.

Najua simu ipo. Lakini simu ndiyo iliyokugombanisha na Baba, na niliyo nayo yanataka karatasi. Ukichukia katikati, iweke barua mezani, unywe chai, uirudie.

Juzi nilikuwa nasafisha kabati la Mama, nikakuta bunda la karatasi za majaribio kutoka kiwanda cha uchapaji, zile Baba alizokuwa akituletea tuandike upande wa nyuma. Upande mmoja matangazo ya vifo yenye alama zake nyekundu, upande wa pili hesabu zako za kuzidisha, karibu zote umekosa. Nilikaa sakafuni nikazinusa kama mwehu. Wino haunuki tena. Hata hivyo nilimwona Baba akiingia mlangoni, msahihishaji wa miaka thelathini na moja, kalamu nyekundu juu ya sikio, akiulizia chakula kabla hajavua viatu.

Unakumbuka taarifa ya habari ya saa saba mchana? Kijiko hakikuruhusiwa kugonga sahani. Ikiisha, Baba anazima redio na kutuuliza, nani kasema, na kajuaje? Wewe ulijibu kwa maneno matatu. Mimi nilijibu kwa mia, ndipo nikabandikwa hili jina la Chiriku. Na maneno kama "inasemekana" na "imegundulika" aliyaita vitenzi yatima, kwa kuwa hayana mzazi wa kuyajibia. Mama akalalamika kwamba wanawake wenzake wanapika jikoni, yeye anapika darasani. Lakini niliwahi kumsikia akimkata kauli jirani aliyemletea umbea: "Nani kasema, mwenzangu?"

Ndiyo maana mimi na wewe tulishindwa kuelewa. Mtu yule yule, masikio yale yale, akanaswa na Mfukunyuzi.

Wewe ulimsikia mara moja tu, ukacheka. Anatangaza siasa kwenye redio ya mtandaoni, saa tatu hadi saa tano asubuhi, kila siku ya kazi. Anadai anafukua yaliyozikwa, na watu wakampa jina hilo. Nami nilicheka mwanzoni. Nikadhani akili ya Baba imeanza kuchoka. Haikuchoka, Kaka. Kilichochoka ni nyumba. Mama amelala makaburini, wewe uko mbali, kiwanda kimemuaga kwa saa ya ukutani, na mimi naondoka alfajiri kwenda mtamboni kupima maji ya watu, narudi jua limeshachwea. Siku moja, akiwa kwa kinyozi, akasikia kwenye simu ya kinyozi sauti nzito na ya upole ikisema: nakusalimu wewe mzee uliyekaa peke yako, uliyeijenga nchi hii kwa mikono yako, na leo hakuna anayekuuliza unaonaje.

Haya alinieleza baadaye sana. Akaongeza, bila kunilaumu, "Na kweli, nani mwingine alikuwa ananiuliza?" Mimi nilikuwa namaliza wiki nzima na shikamoo moja ya haraka na "chakula kipo chini ya kawa."

Tena yule bwana si mjinga. Anaanza na la kweli. Mwaka juzi pampu yetu kubwa iliungua, ofisi ikatangaza "matengenezo ya kawaida" kwa siku nne. Nilijua, nikanyamaza, maana kila mtu alinyamaza. Mfukunyuzi alilianika hilo, na alisema kweli tupu. Chambo huwa ni mdudu wa kweli, ndoana ndiyo imo ndani. Watu walipokwisha kumwamini kwa pampu, akaanza kusema kuna dawa inatiwa kwenye maji ili wananchi wawe wapole na wasahaulifu, wafike kwenye uchaguzi wakiwa kama kondoo.

Baba akaacha maji ya bomba. Nikamletea vipimo vyetu, ukurasa kwa ukurasa, hii klorini, hiki kiwango chake, hii kazi yake. Akavaa miwani, akasoma kichwa cha habari tu.

"Hizi nani kaziandika?"

"Mimi, Baba. Hiyo ni saini yangu."

"Na wewe uko chini ya nani?"

Lilikuwa swali lake la zamani, lile la mezani. Ila sasa alikuwa akituuliza sisi peke yetu, na Mfukunyuzi hakumuuliza hata siku moja.

Halafu ikaja simu yako ya Novemba. Ulimwambia ameshikwa akili na redio kama mtoto. Yeye akakwambia umekwisha kuwa mtu wao, kwamba huko ulikokwenda wamekununua. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona alivyoiweka simu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Tangu siku hiyo miezi saba, kimya kwako, kimya kwake, na mimi katikati nawapelekea salamu ambazo hakuna aliyezituma. Ndiyo, Kaka, zile "Baba anakusalimu" nilikuwa nazitunga.

Sasa nifike penyewe.

Nyuma ya karakana ya zamani kuna kile kisima tulichokatazwa kukisogelea. Baba alikuwa akichota maji pale. Nilimwomba ayachemshe, akasema ya kuchemshwa ni yenye dawa. Yeye tumbo lake ni chuma, hakupatwa na kitu. Nililokuwa silijui, kwa sababu natoka mapema, ni kwamba kila asubuhi alipeleka ndoo mbili kwa jirani yetu, fundi cherehani, yule tunayemwita Mama Pacha. Alifanya hivyo kwa huruma, maana mama wa watu analea peke yake, na wale pacha hawajamaliza miaka minne. Naye alikuwa msikilizaji, redio ikinguruma huku anakanyaga cherehani.

Mwanzoni mwa Aprili yule wa kike alishikwa na homa na kuhara. Siku ya tatu akawa hawezi kuinua shingo. Tulimkimbiza hospitali, wakasema homa ya matumbo, wakamlaza siku tisa. Siku mbili za kwanza daktari alikuwa hatutazami usoni. Nilichukua maji ya kisima nikayapima mwenyewe. Sitakuandikia nilichokiona, usije ukakosa hamu ya kula. Basi nikajua, na Mama Pacha akaniambia maji yalitoka kwa nani.

Nilikwenda kumwambia Baba. Nikamkuta kwenye benchi la nje ya wodi, kisikilizio kidogo sikioni, anasikiliza. Kabla sijafungua mdomo, akakichomoa akanipa nisikie. Mfukunyuzi alikuwa anazungumza juu ya mtaa wetu. Alisema kuna mtoto amelazwa. Mimi nauliza tu, akasema, alikunywa nini huyu malaika? Si maji yao ya bomba? Si niliwaambia?

Baba akanitazama. "Huyu mtoto hajaonja maji ya bomba tangu mwezi wa pili," akasema. "Ninajua, kwa sababu ndoo nilibeba mimi."

Nilikuja na maneno yangu yote tayari, makali, ya miezi na miezi, nikayameza. Nilimshika mkono tukakaa mpaka jua likazama. Ulikuwa mwepesi, Kaka, mkono ule uliokuwa ukitubeba sote wawili, mmoja kila bega.

Mtoto alipopata nafuu, Baba alinunua daftari la shule. Vipindi vile vinahifadhiwa, mtu anaweza kuvirudia. Kwa siku sita alikaa mezani, anasikiliza, anasimamisha, anaandika neno kwa neno, kama enzi za kiwandani. Kisha akatoa kalamu nyekundu. Jumapili aliniita akanisomea, na sauti yake ilikuwa ile ya saa saba mchana.

Alikuwa amehesabu neno "wao" mara mia na arobaini katika asubuhi sita. Wao wanajua, wao wanaficha, wao wanacheka. "Kiwakilishi hiki kinawakilisha nani?" aliniuliza. "Hakuna jina hata moja. Kila msikilizaji anajaza adui wake mwenyewe. Mimi nilimjaza kaka yako." Akafungua ukurasa mwingine.

Aliona pia kwamba kila jambo zito limesemwa kwa swali. Mtu anayeuliza tu hawezi kushtakiwa kwa uongo, akasema, lakini msikilizaji haendi nyumbani na swali, anakwenda na jibu. Mtambo ukikanusha, Mfukunyuzi anasema mnaona wanavyotapatapa. Ukinyamaza, anasema mnaona wanavyoficha. "Sasa wewe mwanangu ungefanya nini ili nikuamini? Hapakuwa na mlango." Na ile hati ya kuthibitisha dawa aliyodai anayo, aliahidi kuisoma kesho yake, mara kumi na tisa. Baba alikuwa ameipigia mstari kila "kesho". Ukurasa mzima ulikuwa mwekundu.

Nilidhani atafurahi kwa kuligundua hilo. Alifunga daftari akasema, "Nimekaa na maandishi ya watu maisha yangu yote. Hili nililisikia kila siku nisilione. Alikuwa ananisalimu kwanza."

Siku ile ile alikwenda kwa Mama Pacha, akamwambia yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Mimi nilibaki kizingitini. Yule mama aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo. Kisha akasema, "Ndoo ulileta wewe, Baba. Kikombe nilimshikia mimi." Hakumkaribisha kiti. Siku kumi na mbili zilipita hawasalimiani zaidi ya kuinamisha vichwa. Asubuhi ya kumi na tatu akabisha hodi, akamwomba awaangalie watoto, yeye aende kuleta vitambaa. Baba aliwaangalia kwa makini hata kukohoa aliogopa.

Alipiga pia simu kwenye kipindi. Nilimsihi asifanye hivyo. Alijitambulisha kwa adabu, akasema yule mtoto aliyelazwa alikunywa maji ya kisima, na aliyeyabeba ndiye anayezungumza. Mfukunyuzi akamuuliza kwa ile sauti ya upole, "Mzee wangu, nani kakutuma?" Baba akaanza kujibu, laini ikakatwa. Kesho yake tukasikia kwamba wao sasa wanatumia hata wazee wenye mvi. Baba akatikisa kichwa. "Leo na mimi nimekuwa kiwakilishi," akasema, na huo ndio utani wake wa kwanza tangu tumzike Mama.

Kwa kinyozi hakuna heri kubwa ya kukusimulia. Alikwenda na daftari lake. Wawili waliondoka, kinyozi akamuuliza kama "wao" wamempata na yeye, wengine wakatazama sakafu. Mmoja tu, yule mgawa barua mstaafu, aliliazima daftari, na hajalirudisha. Baba anasema hiyo ni dalili njema, au amelifungia karanga.

Na mimi nilikuwa na langu. Mwezi uliopita pampu iliharibika tena. Mkuu wangu alikwishaandika "matengenezo ya kawaida". Nikamwomba kalamu. Nikaandika kwamba pampu imeharibika, maji yatakosekana siku mbili, na nani aulizwe, nikaweka jina langu. Alisita, kisha akatia saini. Watu walikuja kufoka dirishani kwangu siku zote mbili. Nilifokewa kwa haki, na nililala vizuri.

Sasa ombi langu. Sikuambii umwombe radhi, yeye ndiye aliyekutukana. Lakini nawe ulimcheka kabla hujamuuliza hali yake, na mimi nilikuwa naishi naye nisimuulize, kwa hiyo sote tumo. Jumapili ijayo, baada ya chakula cha mchana, Baba anakusudia kukupigia; simu ikilia pokea.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie kitambaa alichotuma nimekishona na kimenikaa. Wabusu wanao, waambie shangazi yao hajasahau ahadi ya picha. Mjomba dereva akipita huko, mpe salamu zangu na umkumbushe arudishe mwavuli. Mama Pacha anakusalimu, na safari hii salamu ni za kweli. Mungu akulindie nyumba yako, akupe kazi isiyokuchosha moyo, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana sura.

Baba hajui nimekuandikia. Jana nilipita mlangoni kwake nikamsikia anajaribu maneno. Alisema, "Mwanangu, ni mimi," akanyamaza. Akakohoa, akaanza upya kwa sauti ya chini zaidi. Alirudia mara nne, na hakupata la kufuatia. Ukimsikia kimya siku hiyo, Kaka, usikate. Msubiri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu tukigombea dirisha,

Chiriku