Kichwa Kisicholia

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi saa
Jumapili, 9 Machi. Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mpendwa dada yangu,

Naanza kwa kukuamkia, kama inavyompasa mdogo. Goti linaendeleaje? Na jicho, daktari amesemaje? Sisi huku wazima, ila mimi kifua kidogo. Ni kikohozi cha uzee, hakina dawa wala hakina haraka.

Barua yako imefika. Nimesoma kwamba umekipaka rangi chumba cha uani na kununua wembe mpya. Unalikumbuka neno langu nilipostaafu: sitanyoa nywele mpaka nifike kizingitini kwako, uninyoe mwenyewe kama ulivyokuwa ukininyoa utotoni. Sasa zimefunika masikio, nyeupe kama pamba, nawe unauliza nakuja lini. Nitakujibu. Kwanza nikupe habari za mjukuu wetu.

Yule tunayemwita Chiriku, kwa maneno yake yasiyokwisha, alikuwa amenyamaza. Mama yake amepata kazi mji wa mbali, huja mwisho wa mwezi tu, na kazi ya kumsuka mtoto imemwangukia baba. Mwanangu, unajua, ni dereva wa lori la mikate. Viganja vyake vipana kama sinia. Siku ya kwanza alimpeleka shule na mistari iliyopishana kama njia za panya. Wenzake wakamcheka. Tangu hapo akawa anavaa kofia ya sufu hata mezani, na baba akishika kitana, yeye mbio chini ya kitanda changu.

Chini ya jengo letu yuko msusi anayefundisha akina baba Jumamosi asubuhi. Tukaenda sote watatu. Ungewaona! Mwashi, karani, muuza samaki, kila mmoja na bintiye katikati ya magoti, jasho linawatiririka.

"Baba, hicho ni kichwa, si usukani!" msusi akamkaripia mwanangu. Chiriku akaangua kilio. Msusi akamwondoa kwenye kigoda. "Mikono hii itajua, ila inaogopa machozi. Mtafutieni kichwa kisicholia."

Wote wakanigeukia mimi.

Nikakaa, dada. Mwanangu akanipaka mafuta, akachora njia ya kwanza kwa ncha ya kitana, kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma. Sikumbuki lini mtu alinishika kichwa mara ya mwisho. Nikasinzia. Nikajikuta nyumbani kwetu, napita chumba hadi chumba: mkeka uliokunjwa, mtungi, dirisha lako lenye bawaba mbovu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na mwanga ulikuwa kama wa ndani ya maji. Nikakuita. Nilisikia hatua zako tu, chumba cha mbele, kila mara chumba cha mbele, wala sikuona haja ya kuharakisha. Kisha vidole vidogo vikanigusa kisogoni.

"Babu, mtindo huu unaitwa twende kilioni. Lakini wewe usilie, eh?"

Alikuwa Chiriku, anafunga ncha za mistari, kofia imetupwa sakafuni.

"Nani analia?"

"Wewe. Tena ukilia unatikisika, baba anakosea."

Alipomaliza kwangu, akaketi mwenyewe mbele ya baba yake. Jumatatu alikwenda shule kichwa wazi, mdomo haufungi. Sasa kila mtindo huanzia kichwani kwangu. Yeye huukagua kwanza kama fundi mkuu, ndipo aukubali kwake. Hata leo nakuandikia nikiwa nimesukwa upande mmoja tu. Baba mtu ameitwa kazini, nami nimeamriwa nisiguse.

Nisalimie shemeji, na binamu mshonaji. Shangazi mwambie bado namwota akianika nguo na kuimba. Mungu akupe usingizi mwepesi na goti lisilokuamsha.

Wembe mpe binamu, atakatia nyuzi. Chumba mpe anayehitaji pa kulala. Nimeliwaza hili kwa utulivu: sirudi, dada.

Mdogo wako akupendaye