Usukani wa Kipruto ulivyonyooka

Mitchelle, uko? Brathangu Kipruto ameangusha gari na mathe akiwa ndani.

Unakumbuka alivyoweka springi ndefu gari ikae juu, usukani ukabaki umepinda? Fundi alimwambia ile rodi ya chini, inayounganisha usukani na magurudumu, ndiyo irekebishwe. Yeye akang'oa usukani tu, akaurudisha ukiwa umenyooka, huku chini bado kumepinda upande mmoja. Ati, "Si sasa iko sawa?" Nilikuwa hapo, nikamsikia!

Leo wakishuka Kiamunyi, kwa kona kali, usukani umefika mwisho kabla kona haijaisha. Umekataa kuzunguka. Gari ikaenda moja kwa moja kwa mtaro.

Mathe amevunjika nyonga. Anauliza tu kama Kipruto ameumia.

Kipruto mwenyewe tumekaa naye hapa hospitali, hana hata mkwaruzo. Anarudia tu, "Lakini ulikuwa umenyooka."