Taa Kubwa Kuliko ya Doto

Jumatatu, 9 Juni

Nimeosha kasha la kamera, nimepaka mpira wake mafuta, nimelizamisha kwenye ndoo. Halivuji. Mteja mmoja amekataa picha ya pasipoti kwa sababu inafanana naye. Siku ya kawaida hapa studio yetu ya picha Mkuyuni, mpaka Doto alipoingia na mfuko.

Aliufungua tu mezani. Flashi ya chini ya maji, ndogo, ina mkono mrefu wa kukunja. Kainunua kimyakimya, pacha wangu huyu tunayekula sahani moja.

Bwana wa vizimba vya nyavu vya kufugia sato ziwani kule Luchelele anataka mpiga picha wa mwaka mzima. Apige nyavu, apige samaki, picha za kuwaonyesha wanunuzi. Anataka mmoja. Jumamosi tunapiga mbizi wote wawili, achague.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo bila kupamba.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda mjini dukani kwa Mzee Pradip.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe Kulwa au Doto?"

"Kulwa."

"Mwenzako kachukua ile flashi. Kuna nyingine kama yake. Nimekuwekea."

Ameniwekea! Tangu tunazaliwa Magu ni hivyo. Mama akishona gauni, anashona mawili kitambaa kimoja. Mgeni akileta pipi, mbili, rangi moja. Mapacha hawapewi tofauti, watu wanaogopa mmoja ataumwa. Kitambaa kilikuwa kimoja, lakini wageni walimsifia Doto. Kila mara Doto. Mimi nilitangulia kuzaliwa, basi, sifa yangu iliishia hapo.

Nikasema sitaki kama ya Doto. Nataka kubwa kuliko ya Doto. Mzee akatoa taa moja nene kama chupa ya chai, inawaka mfululizo, haina mkono, inakaa juu ya kamera.

"Mama, hii ni ya bahari, maji meupe. Ziwa letu na ukijani huu..."

Sikumwacha amalize. Nimeinunua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaza pipa maji ya bomba, nimeitumbukiza taa. Uani kote kumekuwa kweupe. Mwenye nyumba katoka kuuliza kuna nini.

Doto alisimama akiangalia. "Kulwa, ina nguvu hiyo!" Nilifurahi vibaya.

Akaniambia kesho twende tuzijaribu ziwani. Nikamjibu nina harusi. Sina harusi yoyote.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Maji kijani, mazito. Bila taa, hatua mbili tatu mbele huoni kitu. Nikashuka mpaka ubavuni mwa kizimba, nikawasha taa yangu. Samaki hawakuonekana. Nyavu hazikuonekana. Kilichoonekana ni uchafu wote wa ziwa, kila punje inang'aa, kama mtu amekung'uta gunia la unga mbele ya lensi. Taa imekaa juu ya kamera, inamulika kile kile kilicho mbele ya pua yangu. Nikaiongeza nguvu. Ikawa mbaya zaidi. Nikaiongeza tena. Kichwa gani hiki.

Doto aliitanua flashi yake pembeni kabisa, mwanga ukaingia kwa ubavu. Sato mmoja, magamba yote yanahesabika, nyuma yake nyavu, nyuma ya nyavu ukijani umetulia. Bwana wa vizimba aliita watu wake waje waone.

Picha nzuri. Ingekuwa mbaya ningelala vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Mama kapiga simu kutoka Magu.

"Mmepata kazi?"

"Amepata Doto."

Mama akasema, "Basi mmepata."

Nimekata simu. Mama yangu mzazi, nimemkatia simu.

Jumatano, 18 Juni

Doto ana shida. Flashi moja inamtosha samaki mmoja. Kizimba kizima haikitoshi, upande mmoja unabaki mweusi. Anahitaji taa ya pili upande wa pili, na mtu wa kuishika.

Ameniomba mimi. Nikamshikie taa! Nikamwambia abandike tangazo mlangoni.

Hakucheka. Akasema, "Naogopa kule chini, Kulwa. Jumamosi nilitetemeka mwanzo mpaka mwisho. Siwezi kushuka na mtu nisiyemjua."

Sikuwahi kujua. Miaka yote hii tunalala chumba kimoja, sikujua. Mimi siogopi hata kidogo. Hilo limenifurahisha mchana kutwa, na nimejionea aibu, na bado linanifurahisha.

Sijampa jibu.

Jumanne, 24 Juni

Nilikwenda.

Taa nimeipunguza nguvu mpaka mwisho. Nikaishika mbali, kushoto kwake, mkono umenyooka. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Niisogeze shubiri moja tu kuelekea lensi na picha zote zinajaa ule unga wa uchafu, na hakuna ambaye angejua ni mimi. Mkono ulitaka. Niliuacha pale pale ulipo mpaka bega likawaka moto.

Picha zimetoka. Kizimba chote kinaonekana, kushoto na kulia, sato wanapita katikati. Zimekwenda kwa jina lake. Bwana wa vizimba alimpa mkono yeye, mimi akanipungia. Wivu upo. Nimekula ugali na wivu wangu.

Doto alipiga kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeshika mkanda wangu, tangu tunashuka mpaka tunapanda. Hakuna picha inayouonyesha.