Ndege wa Miguu Kumi

Jumapili, mwisho wa mwezi wa tisa. Jua limewaka tangu asubuhi, na hewa ya Kolwezi imejaa moshi wa nyasi zinazochomwa porini. Mvua bado. Shingo yangu imeungua, magoti yananiuma kwa kukaa ndani ya mtumbwi, na bukari, ugali wetu, nimeiacha mezani inapoa. Siwezi kula kabla sijaandika.

Habari ni ya binti yangu, Mujinga. Ana miaka kumi na mmoja. Mama yake alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo tunaishi wawili, mimi na yeye. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya mgodi. Kusuka nywele nimejifunza ukubwani, na bado ninasuka vibaya.

Vakansi hii ya kiangazi, shule zilipofungwa, nilimpeleka Nzilo, kwa dada yangu Mama Monga. Mume wake anavua samaki kwenye ziwa la bwawa la umeme. Mujinga alikaa kule miezi miwili. Aliporudi alikuwa mweusi kwa jua, na kila siku alikuwa na jambo la kunieleza juu ya ndege wa ziwani. Mimi nilikuwa ninaitika tu huku ninavua viatu.

Masomo yalipoanza, mwalimu aliwaambia waandike juu ya vakansi. Mujinga aliandika juu ya ndege mmoja mwenye mwili wa rangi ya tofali na paji la bluu, mwenye vidole virefu sana, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Aliandika kwamba kwa ndege hao baba ndiye anayelalia mayai, na baba ndiye anayelea watoto. Hatari ikija, anawaficha wote chini ya mabawa, anasimama na kwenda nao, na miguu yao inaning'inia nje. Mtu akimwona anafikiri ni ndege mmoja mwenye miguu kumi.

Mwalimu aliweka sifuri kwa wino mwekundu. Pembeni aliandika neno moja: uongo. Akamwambia kwamba Jumatatu atapiga magoti mbele ya darasa na kuomba msamaha.

Sasa niseme aibu yangu. Ijumaa, Mujinga aliponionyesha karatasi ile, mimi pia sikumsadiki. Nilimwambia aombe msamaha, mambo yaishe. Nilifikiri amekosa mama, basi anatunga hadithi za baba wanaobeba watoto.

Hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Nitapiga magoti kama unataka, tata. Lakini sitasema kama nilisema bongo, kama nilidanganya. Mi nilihesabu. Batoto ine, miguu munane. Ya baba mbili."

Alisema hivyo, akaenda kuosha sahani.

Usingizi wangu ulikuwa mbaya. Shemeji yangu wa Lubudi, dada wa marehemu, anasema kila akija kwamba mwanamume hawezi kulea msichana, na kwamba ingekuwa heri Mujinga akae kwake. Nilimwona kichwani mwangu akisikia habari hii ya uongo shuleni. Nilimwona akifunga nguo za mtoto wangu ndani ya sanduku. Lakini lililonikosesha raha zaidi ni lile neno: nilihesabu. Mtu anayedanganya hahesabu miguu.

Jana mchana nilikwenda nyumbani kwa mwalimu. Ni kijana mpole, mzaliwa wa Lubumbashi mjini. Alinipa kiti, akaniita sitoyen, yaani mwananchi, kama watu wote siku hizi, na akaanza kunieleza kwa adabu kwamba mtoto ana akili, ila azuiliwe mapema asizoee uongo. Nilimwacha amalize. Halafu nilimwambia sikuja kugombana. Nilimwomba aje nasi Nzilo leo. Tusipomwona ndege huyo, Mujinga atapiga magoti, na mimi baba yake nitapiga magoti karibu naye, mbele ya darasa.

Alicheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Akasema atakuja.

Leo asubuhi tulipanda lori la wafanyakazi wa bwawa. Mwalimu alivaa abakosti yake safi, koti la heshima lisilovaliwa na tai, tukamkalisha mbele na dereva ili asipate vumbi. Saa nne tulikuwa ndani ya mtumbwi: shemeji yangu mvuvi akipiga kasia, mwalimu, mimi, na Mujinga mbele kabisa akionyesha njia kwa mkono. Alituingiza katika kona ya ziwa ambapo mayungiyungi yamefunika maji yote. Akatuambia tukae kimya.

Tulikaa. Jua lilitupiga. Mwalimu alifuta jasho mara nyingi sana.

Ndege walikuwapo, wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wakitembea juu ya majani kama alivyoandika. Mwalimu alininong'oneza kwamba yule mkubwa bila shaka ndiye dume. Mujinga alisikia. Alitikisa kichwa bila kugeuka. Baadaye kidogo yule mkubwa alimrukia ndege mwingine aliyepita, akamfukuza mpaka ng'ambo, na hakurudi. Yule mdogo alibaki. Ndipo nikaona karibu naye vitu vinavyosogea, vidogo kama vidole gumba, vikikimbia juu ya majani.

Mwalimu alisema kwamba watoto wapo kweli, lakini hiyo haitoshi. Alitazama saa yake. Nilianza kuwaza ni maneno gani nitasema kesho nikiwa nimepiga magoti.

Kisha kipanga alipita juu yetu, kivuli chake kikakata maji.

Ndege yule mdogo alilia sauti ya chini, akachutama, akafungua mabawa kidogo. Watoto walikimbia wakaingia chini yake, kushoto na kulia. Akafunga mabawa. Akasimama. Na akaanza kutembea taratibu kuelekea kwenye matete, huku pande zote mbili miguu imening'inia kama nyuzi zilizokatika kwenye pindo la nguo.

Niliona midomo ya mwalimu ikihesabu.

"Kumi," alisema.

Shemeji yangu aliacha kasia. Amevua ziwa lile tangu ujana wake, na hajawahi kuona. Alinitazama mimi, akatazama tena ndege yule.

Mwalimu aliondoa kofia yake. Alisema kwa sauti tuliyoisikia sote, "Mujinga, mi nilikuita mubongo mbele ya batoto yote, na sikukuya kuona. Kesho nitasema mbele yao kama ni mi nilikosa."

Nilingoja Mujinga acheke, au anitazame kwa ushindi. Angekuwa na haki. Yeye aliinua mkono tu, macho yake bado kwenye majani.

"Aksanti, mwalimu. Lakini tusisemeseme, itaogopa."

Na sisi wanaume watatu tulinyamaza.

Mtoto wangu huyo.

Nimechomelea mashine kubwa, na wakubwa wamekuja kunipa mkono kwa ajili ya kazi hiyo. Sijawahi kusimama wima kama nilivyosimama leo kwenye ukingo wa Nzilo, matope mpaka magotini, nikimsikia mwalimu akimwuliza binti yangu maswali moja baada ya jingine, naye akimjibu. Mayai ni mangapi. Yana rangi gani. Mama yao anakwenda wapi. Hapo Mujinga alisema hajui bado, kwa sababu hajamfuata. Laiti shemeji wa Lubudi angesikia jibu hilo. Na aje tu, nitampa kiti na nitamweleza yote.

Tukirudi, nyuma ya lori, niliomba msamaha. Nilimwambia nilikosa kwa sababu sikumsadiki. Alifikiri kidogo, akasema hakukasirika, ila alishangaa, kwa sababu habari ya ndege yule alikwisha kunieleza mara tatu kabla ya masomo kuanza.

Mara tatu. Mimi sikumbuki hata moja.

Jumapili ijayo tunarudi ziwani, na ile inayofuata, mpaka mvua itufukuze. Lakini sasa nimekaa hapa na kalamu, ninamsikia akiimba uani, na ninajiuliza: ni mambo mangapi mengine ameniambia mwaka huu, nami nikaitika bila kuinua kichwa?