Filamu Niliyokuchagulia

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo duka la dawa, wewe na wenzako. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Baba mikono bado inamtetemeka, lakini mdomo ni mzima. Jana amemfokea fundi saa hadi mtu wa watu kasahau alichokuja kuuliza. Mama anauliza kama unakula.

Studio inakwenda. Ile kamera kubwa ya Baba naitumia mimi, kama unavyojua, na kila mteja wa zamani akiingia lazima aniulize yule mdogo wangu mcheshi yuko wapi. Namjibu vizuri, huku roho inaniuma. Miaka tisa nimefagia pale na kuchanganya dawa za kusafishia picha mpaka vidole vikabadilika rangi. Ukaja wewe na miaka yako miwili ya kazi, Baba akawa haoni mwingine. Siku aliyosema wewe ndiye utakayempiga Mama picha, na ikitoka vizuri kamera ni yako, nilisukuma sahani nikatoka nje.

Sasa nikwambie jambo nililolibeba tangu mwaka jana. Ulinijia na maboksi mawili ya zile filamu za rangi za kipande kimoja kimoja, moja la negativu na moja la slaidi, ukaniuliza upakie ipi. Ulisema Mama atakaa dirishani, jua upande mmoja wa uso, kivuli upande wa pili, na baadaye picha itapitishwa kwenye skana iingie kwenye kompyuta. Jibu nililijua pale pale. Negativu, ile inayotoka rangi zikiwa kinyume, ingebeba jua na kivuli vyote viwili, na skana ingevisoma bila taabu. Slaidi, ile inayotoka na rangi zake halisi pale pale, haina huruma: kivuli kikizidi kinakuwa cheusi tii, na skana haiambulii kitu. Nikakwambia chukua slaidi, rangi zake zinawaka. Ukanikumbatia, ukashukuru.

Nusu ya uso wa Mama ikapotea. Baba akasema kazi hii si yako, nawe ukaamini, ukafunga virago. Nilikuwepo, nikanyamaza. Ushauri ule sikuutoa kwa kukosea, mdogo wangu. Ulikuwa wivu mtupu.

Wiki iliyofuata nikampiga Mama mimi, dirisha lile lile, kwa negativu. Kila kitu kilitoka, hadi nyuzi za mtandio. Mama aliisifu sana, akaitia kabatini. Yako ndiyo kaitundika sebuleni. Nilipomuuliza sababu, alisema kwenye yangu amekaa kama anayesubiri kuitwa na daktari, ila kwenye yako anacheka, maana ulikuwa ukimchekesha. Naipita kila siku, na bado nakuonea wivu. Hilo nalo sikufichi.

Leo asubuhi nimemwambia Baba yote. Alikwenda kuifuta vumbi kamera, kisha akamuuliza Mama basi la kutoka huko hufika saa ngapi.

Usiponijibu mimi nitaelewa. Ila Baba mjibu, kwa kupanda hilo basi.

Nisalimie wote hapo kazini.

Ni mimi, dada yako